Ncha ya Pili ya Shitingi

Ukishuka Minago leo ukauliza habari za Rachelle, utaambiwa ni yule mwanamke aliyekuwa akiwasha jiko la mawingu la serikali. Hivyo ndivyo wanavyomjua siku hizi. Hakuna atakayekwambia kwamba kabla serikali haijajua kama kuna mtu anaitwa Rachelle, alikuwa mtu wangu mimi, Salme binti Amur, na kwamba ile mikono wanayoisifu ilijifunza kazi kwenye vichanja vyangu vya kuanikia ndagala, dagaa wa ziwa letu. Watu ni wepesi wa kusahau. Mimi sijasahau, ndiyo maana habari zake nazisimulia mimi.

Alivuka ziwa akiwa msichana, kutoka upande wa Fizi, Kongo, yeye na mama yake na furushi la nguo, wakati watu wa kule walipokuwa wanakimbia vita. Kirundi hakujua hata cha kuombea maji. Mama yake alifia hapahapa Minago. Rachelle akaolewa na mvuvi, akamzaa Riziki, kisha yule mvuvi akaenda kuvua Kigoma, akapata mwanamke mwingine huko, na habari yake ikaishia hapo. Mara ya kwanza kumwona alikuwa anaokota ndagala zilizoanguka mchangani chini ya vichanja vya watu. Hiyo si kuiba, kila mtu pwani anajua. Lakini alikuwa anaokota bila haraka, kama mtu ambaye ameshakubali kwamba kesho ataokota tena, na roho iliniuma.

Mimi nilikuwa na vichanja na sina mtu. Ya kwangu nayasema kwa kifupi. Babu yangu alikuwa na duka la vitambaa Rumonge mjini, sisi ni Waarabu wa Omani tulio hapa tangu zamani, na mtoto wa kike wa nyumba ile hakuzaliwa anuke samaki. Lakini duka waligawana kaka zangu, mume wangu akafariki, binti yangu Fahima akaolewa Bujumbura, na mimi nikakataa kuwekwa kwenye kiti cha kona nikingoja kuletewa chai. Nikashuka Minago, nikanunua miti na nyavu. Kaka zangu mpaka leo nikiwapitia wanakunja pua. Waikunje tu.

Kazi ya ndagala ukiiangalia kwa mbali utadhani ni ya kukaa. Boti zinarudi alfajiri na taa zao, unanunua samaki wabichi bado wanametameta, unawamwaga kwenye kichanja, na jua likikubali, jioni wamekauka. Adui ni mvua. Ndagala iliyoanza kukauka ikaloweshwa inavimba, inanuka, na hata bata akiletewa anaigeukia mgongo. Kwa hiyo kila mwenye kichanja ana shitingi, lile turubai la plastiki. Na shitingi ya kichanja kirefu haifunikwi na mtu mmoja. Huyu ashike ncha hii, yule ashike ncha ile, mkimbie sawasawa, muishushe, muikandamize kwa mawe. Ukijaribu peke yako, upepo wa ziwani unaibeba na kukuvua kilemba mbele za watu.

Nikamwambia aje ashike ncha ya pili. Akaja. Ndiyo hivyo tu, hatukuandikishana. Wa kwanza kuona wingu anapiga kelele, "Funika," na mwingine, popote alipo, anaacha alichoshika na kukimbilia upande wake. Nimewahi kuacha chungu motoni, na yeye amewahi kutoka sokoni na samli ya mtu mkononi. Miaka ikapita. Ziwa likapanda, likameza mchanga wetu wa zamani, tukabeba vichanja mgongoni na kuvihamishia huku juu, karibu na mlima, mimi mbele yeye nyuma. Tulikula sahani moja. Mwezi wa Ramadhani yeye, Mkristo mwimba korali, alikuwa hali mchana mpaka nifuturu, na sikumwomba. Krismasi nilimkaangia mandazi ya Riziki beseni zima. Ukisema ukoo, sawa, ninao, uko mjini unakunja pua. Lakini mtu wa kushika ncha ya pili nilikuwa naye mmoja.

Halafu serikali ikaja na mawingu yake.

Tuliitwa kwenye mkutano. Alisimama bwana mmoja mpole, injinia wa mambo ya hewa kutoka Bujumbura, anaitwa Theonest, suruali ameiingiza ndani ya mabuti. Akaeleza vizuri, siwezi kusema uongo. Alisema mashamba ya milimani nyuma ya Kizuka yanaungua wakati mawingu yanapita juu yake yakiwa na maji, wala hayayadondoshi. Kuna dawa, ni chumvi inayotokana na madini ya fedha, ukiichoma moshi wake unapanda na upepo wa ziwa mpaka ndani ya wingu, na huenda wingu likadondosha zaidi. Huenda, alisema. Ni utafiti. Wao hawaahidi mvua, wanauliza swali. Wazee wakacheka chini chini, maana zamani huku kulikuwa na watu wa kuita mvua, na wao hawakuwa wanasema huenda.

Kisha akaeleza kikosi chake. Mwenzake mmoja, Huda, angekaa Rumonge mjini mbele ya mashine inayoona mawingu, na kuita kwa redio wakati wa kuwasha. Watu wa Kizuka na Gatete wangepima mvua kwa mikebe uani kwao. Juu ya kilima chetu kungekuwa na jiko refu lenye bomba. Fundi wake, Casimir, angeshika moto, na mtu mwingine angeshika upepo, maana yake kugeuza ngao ya bati kila upepo ukigeuka, ili ule moto usimrukie mwenzake. Watu wawili, kila mara. Na Bujumbura alikuwapo Samy, mwenye kujaza mabido, yale madumu ya plastiki ya kitu cha kuchomwa: mengine yana dawa, mengine hayana, rangi moja, harufu moja, na mlimani hakuna anayejua lipi ni lipi. Theonest alisema ukijua tu, jicho lako litaona unachotaka kukiona.

Huyo mshika upepo walitaka awe mtu wa jirani, mwepesi wa miguu, asiyeogopa moto. Nyumba ya Rachelle iko kwenye mteremko wa kilima kilekile. Unaona mambo yanavyopangwa.

Alikuja kuniambia nikiwa nageuza samaki. Alisema, "Dada, wamenichukua. Wananipatia kontra ya kazi." Nikamjibu murakoze, asante, Mungu ni mkubwa, hongera. Nikaendelea kugeuza samaki. Aliapa hatoniacha, kwamba jiko haliwashwi kila siku, kwamba asubuhi atakuwa anashuka kunisaidia kumwaga. Na kweli alishuka, asubuhi. Lakini mvua ya hapa huja alasiri, na alasiri Rachelle alikuwa mlimani na watu wake.

Watu wake. Yeye alisema ekipe. Ekipe yetu, ekipe imefanya hivi, leo ekipe imecheka mpaka Casimir akakaa chini. Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa mgebuka. Ekipe! Na sisi tulikuwa nini miaka yote, ndoo mbili? Alipewa jile, kile kizibao cha njano chenye mistari inayong'aa, na redio ndogo ya kuweka mfukoni. Akishuka asubuhi kunisaidia ananisimulia: Huda ana sauti tamu kwenye redio, Huda amesema wingu la jana lilikuwa zuri kama mtoto mchanga, Casimir hali pilipili, Theonest akija anakaa chini na wao na kula sahani moja. Sahani moja! Hapo mkono wangu ulisimama kwenye samaki. Nikamuuliza wanakula nini. Akasema ugali na mukeke, na kwamba Casimir akimega anamsogezea yeye upande wenye mafuta. Nikamwambia mafuta ya samaki yanaharibu sauti ya kuimba.

Nisikufiche, nilikuwa na wivu. Si kijicho cha kazi ya serikali, serikali ikae na kazi yake. Nilikuwa naona wivu kama wa mke mwenza. Nikisikia vicheko vinashuka kutoka kilimani, chai inanichachia mdomoni. Nilikuwa najua kicheko chake katikati ya vyao, ni kile kinachoanza kwa kukohoa, na nilikuwa nahesabu ni muda gani tangu akicheke na mimi. Nilitaka jambo moja tu, mtu wangu arudi. Kila nilichofanya mwaka ule, nilikifanya nikilitaka hilo.

Mahali pake nilimchukua Aliya. Aliya ni jirani yangu, mdomo wake hauna kitasa, na shitingi anaishika kama anatandika kitanda cha maharusi. Nikipiga kelele funika, yeye anauliza kwanza funika nini. Mara mbili tatu tulilowesha kichanja cha mwisho kwa sababu yake, na kila tulipolowesha nilitazama juu kule, nikaona moshi mwembamba unapanda, na jile ya njano inazunguka na bati, na nikajua mvua ikidondoka wao wanashangilia. Furaha yake ikawa msiba wangu. Nani angeweza kulivumilia hilo?

Siku moja nikamwuliza. Nilingoja tukiwa wawili tu, asubuhi, mikono yetu yote miwili imejaa magamba.

"Siri za serikali sizitaki," nikamwambia. "Nataka jambo moja. Bido ya leo iko na dawa ao haina? Ikiwa nayo, sinunui samaki."

"Dada, sijui."

"Unawasha kitu usichokijua?"

"Ndiyo," akasema. "Hata Theonest hajui. Ndiyo kazi yenyewe."

Sikumwamini hata chembe. Mtu niliyemjua miaka yote, ambaye hata akila embe moja peke yake uso unamwonyesha, leo ananiambia sijui? Nilijisemea, hii ndiyo ekipe sasa. Wana siri yao na mimi niko nje ya mlango. Angenipiga kofi ingekuwa afadhali.

Basi kama hasemi, nitamsoma. Nyumba yake, nimeshasema, iko mteremkoni, na kamba yake ya nguo inaonekana kutoka kwenye vichanja vyangu. Nikaanza kuiangalia. Siku aliyoanika nguo, alasiri ilikuwa kavu. Siku kamba ikiwa tupu, mvua ilinyesha. Mara nyingine tena vilevile. Ee bwana! Mtu mdomo anaweza kuufunga, lakini mwanamke gani ataanika nguo zake akijua mvua inaletwa? Nikawa nanunua samaki kwa kuangalia kamba ya Rachelle. Kamba imejaa, nanunua mpaka kichanja cha mwisho. Kamba tupu, naketi nashona nyavu. Na kweli, nilikuwa napatia.

Kosa langu lilikuwa kumwajiri Aliya. Aliona ninavyotazama juu kila alfajiri, akauliza, nikamkemea, akajua. Haikupita wiki, pwani nzima ya Minago ilikuwa inaongozwa na nguo za Rachelle. Boti zikifika, wanawake hawaangalii samaki, wanaangalia mlimani. Wanaulizana, vitenge viko inje? Shuka je, ao ni kaptula ya Riziki tu? Kuna waliosema kaptula peke yake haitoshi, ni dalili ya manyunyu. Wavuvi walikasirika mpaka wakachoka, kwa sababu kamba ikiwa tupu bei inaanguka. Na Rachelle, masikini, anafua nguo zake bila habari, anashangaa kwa nini watu wote wanamsalimia kwa heshima anapobeba beseni.

Ikafika Jumamosi moja. Boti zilirudi zimejaa, samaki mpaka kwenye miguu ya wavuvi. Tukatazama juu. Kamba ilikuwa imejaa kutoka mti mpaka mti, bluu tupu. Zilikuwa sare za korali. Si sare yake peke yake, sare za waimbaji wote, ilikuwa zamu yake ya kufua, na kesho yake kulikuwa na sherehe kanisani. Aliya alisema, na kwa mara ya kwanza nikakubaliana naye, kwamba hakuna mwanamke duniani atakayechezea sare za kanisa zima. Tulinunua kila kitu. Waliokuwa na vichanja walivijaza, wasio na vichanja walimwaga kwenye nyavu mchangani. Pwani yote iling'aa. Shitingi yangu nilikuwa nimeikunja chini ya kichanja, na Aliya nilimruhusu aende harusini Gatete.

Mchana jiko likawashwa, tuliona moshi. Hakuna aliyejali. Kisha upepo ukageuka. Wingu lilitokea upande wa Kongo, jeusi, chini chini, na likavuka ziwa kama linadaiwa upande huu. Nilipoinua kichwa, nusu ya maji ilikuwa imeshapotea ndani ya mvua.

Mimi sikumwita. Narudia, sikumwita. Nilipiga kelele "Funika," kama mtu aliyeungua anavyosema uwi, mdomo ulisema wenyewe. Nikavuta shitingi, nikashika ncha yangu, na upande wa pili ukaanza kupigapiga hewani. Wanawake wote walikuwa wanakimbilia vyao. Upepo ukaibeba, ukanivuta na mimi, kilemba kikaenda zake, nikawa nalia kwa hasira. Halafu shitingi ikanyooka.

Rachelle alikuwa upande wa pili, na jile yake ya njano. Tukakimbia sawasawa kama zamani, tukafunika cha kwanza, tukashika mawe, cha pili, cha tatu, mvua inatupiga usoni. Aliposhuka alipita chini ya kamba yake mwenyewe, katikati ya zile sare za bluu, na hakuvuta hata moja. Nilizitazama zikilowa na kuanguka kwenye tope moja baada ya nyingine. Kwa hiyo hakuwa anajua. Alikuwa ameniambia kweli, na mimi nilikuwa nimesoma kamba ya nguo kama msahafu.

Lakini sitakudanganya kwamba nilijisikia vibaya. Nilijisikia mwanamwali! Moyo ulikuwa unaruka. Alikuja kwangu. Kati ya ekipe na mimi, alikuja kwangu.

Tulikuwa kwenye kichanja cha mwisho redio ilipoanza kuongea mfukoni mwake. Ilikuwa sauti ya Huda, na kweli ni tamu. Ilisema, "Rachelle, Casimir anaita. Rachelle, jibu. Uko wapi?" Alisimama. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye shitingi. Aligeuza uso kilimani.

Nikamwambia, "Vuta."

Akavuta.

Casimir aliungua mkono, kutoka kiwiko mpaka vidoleni. Upepo ulipogeuka hakukuwa na mtu wa kugeuza bati, na moto ulimfuata palepale alipokuwa anajaribu kuuzima. Alipona, leo anashika kijiko vizuri tu, lakini wakati ule hatukujua kama atapona. Theonest alishuka pwani kesho yake. Kanisani walikuwa wanaimba na nguo za kila rangi, tuliwasikia. Alimkuta Rachelle kwangu, amekaa juu ya ndoo, jile ameikunja vizuri magotini, anajua kinachomjia.

Theonest alikaa chini naye. Alisema taratibu, "Mama Riziki, mimi pia ningekimbia. Lakini moto ukiwa unawaka hakuna anayeondoka, ulijua."

"Nilijua," akasema Rachelle.

Akampa jile, juu yake redio. Alimwomba amfikishie Casimir pole, maana hospitali yeye alishindwa kuingia, alifika mlangoni akarudi. Theonest akaaga kwa kusema amahoro, amani, akaondoka na vitu vile mkononi. Mimi nilikuwa nachemsha chai muda wote, nikajitia sioni.

Wanawake wengine walikuwa wamepoteza kila kitu. Pwani ilinuka wiki nzima. Walipanda kilimani kwa kelele, wanataka serikali iwalipe, kwa sababu serikali ndiyo iliyoleta mvua ile. Theonest aliwasikiliza mpaka wakachoka. Kisha akampigia simu Samy mbele yao wote, na kwa kuwa siku ile ilikuwa imeshaharibika na kufutwa kwenye utafiti, Samy aliruhusiwa kusema. Bido ile haikuwa na dawa hata tone. Mvua ilikuwa ya Mungu mwenyewe, imetoka Kongo kwa miguu yake. Wakashuka. Hakuna aliyenitazama mimi niliyeanzisha habari za kamba, kwa sababu Aliya alikuwa ameshawaambia ni yeye aliyeigundua.

Basi nikapata nilichokitaka. Rachelle alirudi. Asubuhi tunamwaga samaki, mchana tunageuza, na wingu likitokea ananiwahi kabla sijafungua mdomo. Ndagala zangu haziloweshwi tena, wenzangu wananionea gere. Niliweka hata kichanja kipya. Kilichobaki ni kwamba jiko bado linawashwa, maana utafiti haujaisha, na walihitaji mshika upepo mwingine wa jirani. Wakamchukua Aliya. Ndiyo, huyohuyo. Anapita hapa na jile ya njano, bado ina mikunjo palepale Rachelle alipoikunja, na redio anaipandisha sauti makusudi tusikie Huda anavyomwita.

Jana nilipika mwenyewe. Nilitafuta mukeke mkubwa, nikaukaanga na nyanya, bila pilipili, nikasonga ugali mweupe. Nikaweka sahani katikati yetu, chini ya kivuli cha kichanja, na nilipomega nilimsogezea upande wenye mafuta. Nilikuwa nimeshaanza kumwambia habari za harusi ya Gatete, jinsi Aliya alivyocheza akavunja kisigino, habari ya kuvunja mbavu. Kule juu moshi ulikuwa unapanda. Rachelle alikuwa anautazama, na nikaona uso wake. Uso ule naujua. Ndio niliokuwa nao mimi mwaka mzima, hapahapa, chini ya kilima kilekile.

"Bati amelichelewesha," akasema, hakuwa anasema na mimi. "Upepo umeshageuka, yeye bado analishikilia huku. Atamwunguza tena Casimir."

Nikamwambia ale, samaki anapoa. Akasema ndiyo dada, na mkono ukakaa palepale gotini. Kutoka kilimani kikashuka kicheko cha watu wengi pamoja, na yeye akatabasamu kidogo, kama mtu anayesikia mzaha anaoujua.

"Saa hizi wanakula," akasema.

Nilimsubiri. Nilikula upande wangu polepole mpaka nikafika katikati ya sahani, na upande wake ulikuwa haujaguswa.